Redio Ndani ya Chungu

Watu wengi hapa Muhuru Bay wananiita Nyar Redio, yaani binti wa Redio, na vijana wanadhani ni kwa sababu naongea sana. Naongea sana, hilo sikatai. Lakini jina lilitoka kazini.

Nilifanya kazi ndani ya mashua ya tanga miaka ile ya sitini, mashua iliyobeba mizigo kati ya hapa na Homa Bay. Nahodha alishika usukani, baharia alishika kamba za tanga, na mimi nilishika redio. Mtu akikuambia hiyo si kazi, mwambie akae juu ya magunia ya samaki wakavu tangu jua linapochomoza, sikio lake likiwa mdomoni mwa chungu, huku baharia anamsihi aache mambo ya mvua aweke rumba. Halafu aje tuongee.

Redio ile niliipata kwa mume wangu, Ochieng', aliyekuwa akichuma chai Kericho. Alirudi likizo na redio ya betri yenye ukubwa wa tofali, imevalishwa ngozi ya kahawia yenye vitundu. Aliniambia ni ya kunitoa upweke, ili nisizurure sokoni kila siku. Masikini Ochieng'. Alitaka kunipa kitu cha kunikalisha nyumbani, na ndicho kilichoniondoa.

Wiki chache baada ya yeye kurudi Kericho, Nahodha Obuya alikuja kwangu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye pua kubwa na maneno machache, na ziwa alilijua kwa harufu. Angesimama ufukweni asubuhi, avute hewa kama mtu anayeonja mchuzi, kisha aseme tunaenda au hatuendi. Lakini masika yaliyopita pua hiyo ilikuwa imemdanganya mara kadhaa, na mashua yake ilikuwa imerudi na mlingoti uliovunjika.

Akaketi, akanywa uji, akasafisha koo.

"Chi Ochieng'," akasema, maana kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa mke wa fulani, "nimesikia redio yako inajua mvua."

"Inasema habari za mvua, jaduong'," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima. "Kama inajua, mimi siwezi kujua."

"Niazime niende nayo Homa Bay."

"Redio hii haijawahi kulala nje bila mimi."

Nilimwona akipima jambo hilo kichwani, akiwafikiria wanaume wenzake ufukweni.

"Mwanamke ndani ya mashua," akasema polepole, kana kwamba anasoma maneno yaliyoandikwa ukutani.

"Siendi kuvua. Mashua yako inabeba mizigo. Juzi ilibeba mbuzi jike wa mwalimu, na sikusikia mtu ameita mkutano."

Obuya hakucheka, ila pua yake ilitikisika. Kesho yake nilipanda mashua nikiwa na redio kifuani na kikapu changu cha samaki mgongoni, kwa sababu mimi pia nilikuwa na biashara yangu, na nilikuwa nimechoka kuwapa watu wa kati samaki wangu ili wao wakale faida Homa Bay. Ndivyo nilivyoingia kazini.

*

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa kuna ujuzi ambao simu zenu hazitawapa.

Redio haipendi maji. Mawimbi yakipiga ubavu wa mashua, matone huruka mpaka kwenye meno. Siku ya kwanza niliona nina akili sana. Nikaitia redio ndani ya sufuria, nikafunika na kifuniko, nikafunga kwa kitambaa. Ilipofika saa ya habari nikaweka sikio. Kimya. Nikazungusha kile kidude cha kutafuta stesheni, nikafunika tena, kimya. Masiga, baharia wetu, kijana mrefu aliyependa muziki kuliko chakula, akasema kwa huzuni kubwa kwamba labda watangazaji wote wamefariki. Nilipoitoa ile redio nje ya sufuria ikaanza kuongea palepale, katikati ya sentensi, kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Ukiizungushia bati pande zote, sauti haiingii. Hakuna aliyenifundisha hilo. Sufuria ndiyo iliyonifundisha.

Basi nikachukua chungu cha udongo, cha kupikia mboga, nikatandika kitambaa ndani. Redio ikaongea vizuri, tena kwa sauti nene zaidi. Tulipotia nanga Karungu, bibi mmoja aliyekuja kununua samaki alisikia mwanamume akiongea ndani ya chungu. Akainama, akakisalimia chungu kwa heshima zote, akauliza habari za watoto. Chungu kikamjibu habari za bunge. Akaniambia mume wangu ana sauti nzuri, ila nimtoe humo, atapata kifua.

Betri nazo zina mambo yao. Zikianza kuchoka, usizitupe. Zitoe, uzianike juani juu ya kitambaa cheusi mpaka zipate joto, kisha uzirudishe. Zitaamka kidogo, kama mzee aliyepata chai. Na usimwachie baharia anayependa rumba redio yako wakati umelala.

Lakini ujuzi mkubwa ni kujua unachosikiliza. Baada ya habari za asubuhi mtangazaji alisoma utabiri wa hali ya hewa, akaanza na pwani, akapanda bara, akamaliza na huku kwetu ziwani. Safari moja mawimbi yalikuwa yakikatakata sauti, nikasikia tu: itachafuka sana, vyombo vidogo visitoke. Nikamwambia Obuya. Akafunga tanga. Tukakaa Karungu siku nzima chini ya anga safi kama sahani iliyooshwa, tukiangalia mashua nyingine zikipita, watu wake wakitupungia mikono. Jioni utabiri ukarudiwa na nikausikia wote. Ilikuwa bahari ya Mombasa.

Obuya hakunigombeza. Kila alipotaka kuniita kwa muda wa mwezi mzima aliniuliza tu, "Mombasa wanasemaje leo?"

Na hata utabiri ulipokuwa wetu, ulikuwa mpana. Mtangazaji alisema kutakuwa na ngurumo za radi hapa na pale ziwani, mchana.

"Hapa ni wapi," Obuya akauliza, "na pale ni wapi?"

"Hakusema."

"Mwulize."

"Jaduong', redio haiulizwi."

Alitikisa kichwa. Alikuwa na haki. Ziwa hili ni kubwa kama nchi. Kumwambia nahodha kuna radi hapa na pale ni kama kumwambia mtu kuna nyoka mahali fulani katika wilaya.

Aliyenifungulia macho, au niseme masikio, alikuwa fundi mmoja wa redio pale Homa Bay, Mhindi mzee aliyeitwa Lalji, mwenye duka jembamba kama kabati. Nilimpelekea redio nikilalamika kwamba ina ugonjwa: mchana inakwaruza, kra, kra, hasa mahali pasipo na stesheni. Akaifungua, akaifunga, akanirudishia.

"Mama, redio yako hapana mgonjwa," akasema. "Hii ni radi. Radi ikipiga huko mbali, redio nasikia kabla ya sikio yako."

Akanikalisha kwenye kibao cha mbao akanifundisha. Unatoka kwenye stesheni, unaenda mahali patupu. Ukisikia mkwaruzo mmoja mmoja, radi iko mbali. Mikwaruzo ikiongezeka na kunenepa, inakuja. Kisha unageuza redio polepole mikononi. Kuna mahali mkwaruzo unafifia karibu kupotea. Hapo, urefu wa redio umeelekea kwenye mvua.

"Kichwa chake au mkia?" nikauliza.

Lalji akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Hiyo hata mimi hapana jua. Inakuonyesha njia. Mbele au nyuma, angalia kwa macho."

Sikulipishwa chochote, si na Lalji wala na radi. Tangu siku hiyo nilikuwa na utabiri wangu wa hapa na pale.

*

Nitawaambia sasa habari za safari ya fahali.

Mzee Marwa alikuwa Mkuria, mfugaji kutoka karibu na mpaka, mtu mrefu wa koti jeusi na kofia, ambaye hakuwa ameingia chombo cha maji maisha yake yote. Mwanawe, Mwita, alikuwa akifundisha shule karibu na Homa Bay, na huko akampenda binti wa Kijaluo, Akinyi. Baba yake Akinyi, Mzee Owuor, hakukataa moja kwa moja. Alisema mbele ya ndugu zake kwamba kama huyo Mkuria ana nia, baba yake aje mwenyewe, na alete fahali wake ambaye Mwita alimsifu kila siku, ndugu wamwone. Ng'ombe wengine wangefuata baadaye. Akaweka siku: Ijumaa, ndugu wote watakapokuwa wamekusanyika. Asipofika Ijumaa, wasitafutane tena.

Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule. Barabara ya juu ilikatwa na mto Kuja, lori hazipiti. Njia ya chini ilipita bonde la Lambwe, na Lambwe siku hizo ilikuwa na mbung'o, yule nzi anayeua ng'ombe. Kumpitisha fahali Lambwe kwa miguu ni kumuaga kwaheri. Ikabaki mashua.

Fahali aliitwa Meja. Alikuwa mweusi, mwenye nundu kama mlima na macho ya afisa aliyenyimwa kiti. Tulimwingiza Alhamisi asubuhi kwa mbao na kamba, tukamlaza kwenye majani katikati ya mashua. Alipohisi sakafu inatikisika, akajaribu kusimama. Mashua yote ikainama. Masiga akashika mlingoti. Mzee Marwa akashika Masiga.

Mimi wakati huo nilikuwa nikingoja habari za asubuhi, na kabla ya habari walikuwa wakipiga gitaa. Nikaongeza sauti nisikie vizuri katikati ya kelele. Meja akageuza masikio kuelekea kwenye chungu. Akakoroma. Akalala.

Tukatazamana.

"Anapenda muziki," Masiga akasema, na nilisikia wivu katika sauti yake.

"Nyumbani hakuna muziki," Mzee Marwa akasema. "Ni ajabu hii." Ndani ya mashua tuliongea Kiswahili kwa ajili yake, na Obuya, aliyezoea kuwatukana mabaharia kwa Kijaluo, ilimbidi akae kimya zaidi ya kawaida.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, mchana hugeuka ukatoka ziwani, na nahodha anayejua kazi huupokea wote wawili. Meja alisikiliza salamu za wasikilizaji, muziki, mahubiri na bei za pamba. Bei za pamba hazikumfurahisha. Tulilala ufukweni Gwassi, na mimi nikawa na wasiwasi mmoja tu: betri. Zilikuwa zimetumika siku nzima kumbembeleza fahali.

Ijumaa mtangazaji akasema ngurumo hapa na pale, mchana. Tukaondoka mapema. Mpango wa Obuya ulikuwa kufika kwenye mlango wa maji wa Mbita kabla ya upepo wa mchana, kisha upepo huo utusukume kutoka nyuma mpaka Homa Bay. Msishangae nikisema mlango wa maji. Siku hizo barabara ya kuvukia Rusinga haikuwepo. Maji yalipita wazi kati ya kisiwa na nchi kavu, na mashua zilipita hapo kama watu mlangoni.

Tulipokuwa tukikaribia upande wa Sindo, mahali bonde la Lambwe linapofunguka ziwani, upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama shuka. Nikasema nitoke kwenye muziki nisikilize radi.

Nikageuza kidude mpaka mahali patupu. Kra. Kra-kra. Kisha mikwaruzo ikafuatana bila kupumua, minene, kama mtu anayechana turubai. Nilikuwa sijawahi kuisikia hivyo. Nikaanza kuigeuza redio kutafuta njia.

Meja akasimama.

Kamba moja ikakatika kwa mlio. Ubavu wa kushoto ukashuka, maji yakaingia, magunia yakateleza, na nikakumbatia chungu kwa mikono yote miwili.

"Mrudishie muziki wake," Obuya akasema.

"Nikimrudishia, sitasikia radi."

"Chi Ochieng', fahali huyu atatuzamisha kabla ya hiyo radi."

Nikarudisha gitaa. Meja akatulia, akilala nusu. Obuya akaniangalia. Sote tulijua kwamba muziki huo ulikuwa ukinyonya betri za mwisho, na kwamba kitu fulani kilikuwa kikija na hatukujua kinatoka wapi.

"Masiga," nikasema, "imba."

Masiga alikuwa amengoja maisha yake yote kuambiwa hivyo. Akajisafisha koo, akaanza rumba kwa Kilingala alichokitunga mwenyewe, akicheza mabega. Nikazima gitaa. Meja alimsikiliza kidogo, akamtazama kama hakimu, akainua mguu wa mbele.

"Hapana yeye," Mzee Marwa akasema, kisha akamwita Masiga kijana kwa Kikuria. "Kaa, mura. Asante. Kaa."

Mzee huyu tangu Muhuru hakuwa ameachia ubavu wa mashua isipokuwa kwa kula. Sasa aliachia. Akavua kofia, akatambaa juu ya magunia kwa magoti na koti lake jeusi, akafika kichwani kwa Meja, akamshika chini ya koo. Akaanza kuimba kwa Kikuria, sauti nzito ya chini, ile ambayo nadhani wachungaji huimba wakirudi na ng'ombe jioni. Sikuelewa hata neno moja. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Fahali akakunja miguu yake, mmoja baada ya mwingine, akaweka kichwa chote kwenye paja la mzee.

Nikarudi mahali patupu, nikageuza redio. Mkwaruzo ukafifia, nikarudi nyuma kidogo, ukafifia palepale. Nikanyoosha mkono kufuata urefu wake. Upande mmoja ulielekea Mbita na milima ya Homa. Upande wa pili ulielekea maji mapana, nyuma yetu.

"Ni njia hii," nikamwambia Obuya. "Mbele au nyuma, siwezi kusema."

Obuya akasimama juu ya kibao chake. Akafunga macho, akavuta hewa. Kule mbele palikuwa na ukungu mweupe tu, wa kawaida, ambao hungeutilia shaka. Akavuta tena.

"Udongo mbichi," akasema. "Mvua imenyesha juu ya mashamba. Ziwa halina mashamba. Iko mbele."

Basi redio ikatupa mstari na pua ikachagua upande. Obuya akamgeukia Mzee Marwa, akamwambia mambo yalivyo. Kuna mambo matatu. Tukikaza makasia, labda tutapita Mbita kabla haijatufikia, na leo ni Ijumaa. Tukikimbilia ufukwe wa Sindo tutakuwa salama, lakini hapo ndipo mdomo wa Lambwe, na mbung'o watamnusa fahali. Au kuna kile kisiwa kidogo cha mawe tulichokipita, tujifiche nyuma yake mpaka ipite. Hapo hakuna mbung'o, lakini hatutafika leo.

Mzee Marwa hakuacha kuimba mara moja. Alimalizia kipande chake kwanza. Kisha akauliza, "Wewe uko na watoto?"

"Saba," Obuya akasema.

"Na wewe, mama?"

"Wawili."

Akamtazama Masiga, ambaye hakuwa na mtu bali alikuwa na kila sababu ya kuishi, yaani muziki.

"Mwita ananingoja," mzee akasema. "Siku akiambiwa baba yako amechelewa, atanuna. Akiambiwa lile lingine, hataoa mtu. Twende kwa mawe."

Tukapiga makasia. Mimi pia nilipiga, chungu kikiwa katikati ya magoti. Mzee Marwa aliimba njia yote, na pale sauti ilipomkauka nilimpa maji, akaendelea. Tuliingia nyuma ya kisiwa, Masiga akaruka na kamba akafunga kwenye jiwe, na bado anga ilikuwa kama ya siku nyingine yoyote. Masiga akaniangalia kwa mashaka, nikajua anafikiria Mombasa.

Kisha ule ukungu mweupe ukawa na mizizi, mvua ikishuka mpaka majini. Upepo ulikuja kutoka Mbita kwa ghafla, baridi, na maji ya mlango wote yakageuka meupe kama maziwa yanayofurika jikoni. Hata pale tulipojificha mvua ya mawe ilitupiga migongoni. Tulilala chini ya tanga sote pamoja, watu na fahali, na nilisikia pumzi ya Meja shingoni mwangu, yenye harufu ya majani. Radi ilipopiga karibu, redio ilitoa mlio mmoja mkubwa ndani ya chungu. Huo ndio ulikuwa mwisho wa betri. Mzee Marwa, pale gizani chini ya tanga, aliendelea kunong'ona wimbo wake, na sidhani wakati huo alikuwa akimwimbia fahali peke yake.

Tulilala kisiwani. Jumamosi asubuhi ziwa lilikuwa laini, kama halikufanya kitu. Tukapita Mbita tukaona mashua mbili zimetupwa juu ya mawe, tupu, na watu wake wamekaa kando wakikausha nguo. Waliokoka, lakini mizigo ilikwenda. Hakuna aliyetania ndani ya mashua yetu mpaka tulipoingia ghuba.

Mzee Marwa alivaa kofia yake, akafuta koti kwa mkono uliolowa. Halikubadilika. "Watasema Mkuria amekuja siku yake, si siku yao," akasema.

"Watasema ulikuja," nikamwambia, lakini sikuwa na uhakika.

Ufukwe wa Homa Bay ulikuwa umejaa watu. Dhoruba ilikuwa imeng'oa mabati mjini na watu walikuwa wamekuja kuangalia mashua zipi zimerudi. Nikamwona kijana mwenye shati jeupe amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Mzee Marwa akasimama. Alisimama wima ndani ya mashua, bila kushika chochote, akaita jina moja tu.

Mwita aliinua kichwa. Aliyetangulia kuja alikuwa mzee mmoja mnene, mwenye suti ya kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Alishuka majini na suti yake, maji yakampanda magotini, kisha mapajani, akashika pua ya mashua kwa mikono miwili kana kwamba tungeweza kuondoka tena.

"Baba Mwita yuko?" akauliza.

"Ni mimi," Mzee Marwa akasema. "Tumechelewa. Fahali yuko hapa."

"Sijauliza fahali." Mzee Owuor alikuwa akihema. "Tuko hapa tangu jana. Wanawake walishaanza kulia. Nimekuuliza wewe."

Akampa mkono kumsaidia kushuka. Mzee Marwa akaukamata, akateremka majini na koti lake jeusi, na wale wazee wawili wakatembea kuelekea nchi kavu wameshikana, polepole, viatu vya Mzee Owuor vikilia maji kila hatua. Hawakugeuka kututazama. Meja alibaki nasi ndani ya mashua, akitafuna majani yake, na Masiga akamsogelea, akaanza tena kumwimbia kile Kilingala chake.